Mailo ya nyuma, mailo ya mbele

Nilizaliwa ng'ambo ya Luapula, upande wa Wabelgiji, nikaolewa Nchelenge kwa Waingereza, na kwa miaka mitatu nikakataa katakata kujifunza Kibemba. Kiswahili kilitosha sokoni, nikaona kinatosha na nyumbani. Kiburi tu.

Masika moja katika miaka ya hamsini, mume wangu alipanda mto kwa siku chache, akapiga kambi kutega nyavu kwenye mafunjo, kule bonde linapojaa maji hadi huoni ukingo. Jirani yangu naye mume wake alikuwa kambi ile ile, ila yeye alikuwa ameaga kwamba atakaa huko mwezi mzima.

Siku ya sita dhoruba ikapiga mto. Asubuhi yake tukasikia mtumbwi mmoja umeonekana umepinduka, wenyewe hawajulikani. Mchuuzi wa samaki alikuwa anapita na boti akitoka kambini, nami nikaingia majini nikapaza sauti.

"Bwana yangu anatoka kule siku gani?"

"Mailo!" akajibu, akaenda zake.

Mailo kwa Kibemba ni jana. Mailo ni kesho pia. Kama ni kesho, mume wangu yuko kambini anakausha samaki. Kama ni jana, dhoruba ilimkuta mtoni.

Nikamkimbilia mama mkwe. "Mailo gani, mutoto yangu?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ya nyuma ao ya mbele?"

"Alisema mailo tu, mama."

"Ungeuliza kwa luga yetu, angesema yote: alitoka ao atatoka."

Nilimchukia, kwa kuwa alisema kweli.

Mchana jirani akaja, akauliza kwa upole kama anizimie moto, maana moto wa nyumba yenye msiba huzimwa. Nikamfukuza kwa matusi. Kisha nikashinda nikipuliza makaa, nikiogopa yasije yakazimika yenyewe.

Kesho yake mume wangu akafika, mzima. Nikampiga ngumi kifuani, nikalia. Lakini hakucheka, wala hakuniangalia. Alikuwa akimtazama jirani, aliyekuja kufurahi nami.

Jirani akamuuliza jambo kwa Kibemba. Akamjibu polepole, sentensi nzima, nami nikaambulia neno moja tu: mailo. Ilikuwa ya nyuma: jana waliuopoa mtoni mwili wa mume wake, aliyeondoka kambini kabla ya mwezi kwisha. Jirani akakaa chini mchangani.

Moto wake niliuzima mimi.