Siku Mama Madoa Aliposugua Vibaya

Walimwita Mama Madoa, na jina lilikuwa la kumwonea, maana hakuna doa lililowahi kutoka hai mikononi mwake. Alikuwa dobi. Mashati ya watu wa ofisini, mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, yote yalipita kwenye karai lake na kurudi kwa wenyewe yakiwa mapya kuliko yalivyotoka dukani. Ukimtembelea, alikutazama kola kwanza, uso baadaye. Hakuwa na nia mbaya, ni macho tu yalishazoea. Wapo waliobadilisha nguo kabla ya kwenda kumjulia hali, na nadhani walifanya la maana.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya mtaa ule aliyatengeneza yeye, na ole wako ubamize moja mbele yake. Kisha macho yakaanza kumsumbua, daktari akamkataza cheche, naye akafunga karakana, akaja nyumbani kukaa. Nasema kukaa, si kupumzika. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kinachotazama dirisha la uani, na jioni ulimkuta hapo hapo ulipomwacha asubuhi. Umwambie nini, yeye ni "sawa" tu. Chai imepoa, sawa. Bomba linavuja, sawa. Mama Madoa alikuwa amebishana na mtu huyu miaka yote ya ndoa, hata juu ya namna ya kufunga pazia, na sasa alianza kuogopa. Alimtaka mume wake mbishi arudi.

Uani, mbele ya dirisha lile, kulikuwa na pipa la moshi. Fundi alilitengeneza mwenyewe enzi zake: pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, likatiwa bawaba, miguu na bomba, na ndani wavu wa kulaza nyama iive taratibu kwa moshi. Zamani harufu yake ilileta majirani waliokuja kuazima ngazi wasiyokuwa na kazi nayo. Tangu karakana ifungwe, hakuna aliyeligusa. Mama Madoa alipoinua mfuniko alirudi nyuma. Wavu ulikuwa umeota ukungu wenye manyoya, mweupe huku, kijani kule. Majivu ya zamani yalikuwa yamenywa mvua yakaganda chini, na kutu ilikuwa ikibambuka kwa ndani vipande vipande.

Kumwomba Fundi alisafishe alishajaribu, akajibiwa sawa, na pipa likabaki vile vile. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo mumewe hakuwahi kulivumilia, nalo ni kuona chuma kikifanyiwa kazi ovyo. Basi Mama Madoa akaamua kulisafisha ovyo, mbele ya dirisha, mpaka mtu ainuke kwenye kiti.

Kuamua ni rahisi. Alimwaga ndoo ya maji ya sabuni juu ya yale majivu, jambo ambalo hata yeye alijua ni kuipikia kutu chakula. Akachukua sifongo laini la kuoshea vikombe, akaanza kulipapasa pipa kwa nje kama anayembembeleza mtoto. Mikono ikamkatalia. Kila alipopita juu ya uchafu, vidole vilitaka kurudi. Ilimbidi ajizuie, ahamie pengine, na kuacha kona nzima ya ukungu ikimkodolea macho. Jasho lilimtoka, na haikuwa kwa kusugua. Dirishani, Fundi alikaa.

Jirani yake, fundi cherehani asiyepitwa na la mtu, akachungulia juu ya ukuta. Alitazama sifongo, akatazama kona, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Leo Mama Madoa kapatikana," akasema. "Ngoja wateja wako wasikie."

Jibu lilikuwepo, tena lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na lingemrudisha jirani ndani kwake akiwa mpole. Mama Madoa alilimeza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku hizi mikono imechoka. Jirani akaacha kucheka, akaaga, akaenda zake. Iliuma, asikwambie mtu.

Kwa hasira akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mafuta ya kupikia, akaanza kuyamimina juu ya kutu na ukungu kwa pamoja. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Weka chini hiyo chupa," Fundi alisema. "Unalisafisha, au unalivisha nguo?"

Alitoka peku, miwani imepanda kwenye paji la uso, na somo alilotoa lilikuwa refu. Ukungu unakufa kwa moto, si kwa sabuni. Kwanza majivu yatoke, pipa likauke, uwashwe moto mkali mfuniko ukiwa umefungwa. Halafu ukwangue, upige brashi ya waya, na mafuta yaje mwisho, kidogo, juu ya chuma cha moto. Nani alimwambia alowanishe chuma? Mama Madoa aliinamisha kichwa ili asionekane anavyotabasamu, akajibu, "Sawa."

Hadi jua linapunguza ukali, moto ulikuwa umeshafanya kazi yake na Fundi alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya pipa, amejifunga kitambaa puani, akikwangua na kulalamika. Mkewe aliketi pembeni juu ya ndoo iliyofudikizwa, akifurahia kila lalamiko.

"Nilijua tangu mwanzo," Fundi akasema kutoka ndani ya pipa. "Ulipoiruka ile kona. Wewe huachi kona."

"Mbona hukutoka, baba watoto?"

Brashi ikasimama. "Sikuwa na nguvu. Halafu nikasikia jirani anakucheka, na wewe ukamkubalia. Wewe. Nikasema kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hicho."

 Mama Madoa akainuka, akanyoosha mkono, akamwambia atoke humo, ampe hiyo brashi amalizie, maana kwa macho yake hayo haioni kazi vizuri.

Fundi hakumpa.