Daktari Aliyejifanya Fundi Cherehani

Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kazi yangu ni kuandika majina, kutafuta mafaili na kuzuia wagonjwa wasitoroke. Usicheke. Nimewahi kumkimbiza baba mzima mwenye ndevu mpaka chini ya ngazi, kaacha kiatu kimoja chini ya benchi. Kwa hiyo habari za daktari wangu sikusimuliwa, nilikuwepo.

Daktari ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye mikono midogo na nguvu usizozitarajia. Hana pupa. Anakupigisha soga za kuku wa mama yake, ukija kushtuka gego lako limeshalala kwenye sahani. Tatizo lake lilikuwa wanaume. Wa kwanza alipoijua kazi yake, akaanza kuongea naye huku kaziba mdomo kwa kiganja. Wa pili alisema anampenda, ila usiku anaota koleo. Wa tatu alibadilisha namba ya simu. Alipotokea wa nne, Daktari akaamua kuufyata ulimi.

Huyo wa nne alikuwa fundi seremala, alikuja kutengeneza kabati la mama yake Daktari. Katikati ya kupiga randa akauliza, "Dada, na wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona," Daktari akajibu.

Jumatatu aliponisimulia, alikuwa anajitetea kabla sijamshtaki. "Si uongo. Fizi nashona kila wiki."

"Daktari," nikamwambia, "huo ni uongo uliovaa barakoa."

Na uongo hauishi peke yake, huzaa. Wiki ya pili Fundi akamletea suruali yake ndefu aipunguze. Mwenzangu hana cherehani, hana hata sindano ya kushonea kifungo. Akakaa nayo mezani kwangu saa ya chakula cha mchana, akaishona kwa njia pekee aliyoijua: anapitisha uzi, anafunga fundo, anakata, anapitisha tena, fundo, anakata. Pindo zima likawa kama kidonda kilichofungwa vizuri. Fundi akaligeuzageuza, akasema hajawahi kuona mshono wa namna ile, bila shaka mshonaji kasomea mbali. Daktari alitembea akitabasamu siku nzima. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Kicheko changu kilikatika aliponiambia habari za jino. Fundi alikuwa hatafunii upande wa kushoto, na akicheka anafunika mdomo. Mama yake Daktari alimsifia, eti kijana ana haya.

"Haya gani?" Daktari aliniambia. "Lile ni gego la chini, la pili kutoka mwisho. Limeoza. Nililiona kabla sijaona macho yake."

Akamgusia kwa mbali: hujawahi kwenda kwa daktari wa meno? Fundi wa watu akabadilika rangi. Wale, alisema, ni wauaji wenye vyeti. Utotoni mmoja alimkalia kifuani.

Basi Daktari akawa hajui ashike lipi. Akisema, mtu anakimbia. Akinyamaza, jino linaendelea. "Usaha ukishuka shingoni mtu anakufa, we dada. Anakufa kweli." Kabla ya hapo sikuwahi kumwona Daktari aking'ata kucha. Kila siku nilimwambia amweleze, kila siku akanijibu kesho. Nilimwonea huruma, na nilitamani kumzaba kofi.

Alhamisi moja asubuhi, mama mmoja wa makamo akaingia kamshika mwanawe mkono, kama anampeleka kuanza shule. Shavu la kijana lilikuwa limevimba kama kaficha limau. Sikuwahi kumwona uso, lakini pindo la suruali ile nilikuwa nalijua. Nikaingia ndani mbio.

"Wa nne yuko nje. Kaletwa na mama yake."

Siku hiyo hatukuwa na daktari mwingine. Akavaa kofia, barakoa na miwani mikubwa ya kazi, zikabaki nyusi tu. "Nitabadilisha sauti," akasema. Akaibadilisha kweli, alisikika kama msoma taarifa ya habari mwenye mafua.

Msaidizi wake alikuwa likizo, hivyo sahani ya vifaa niliishika mimi. Fundi alikaa kitini kakamata mikono ya kiti kwa nguvu zake zote. Waoga wakikaa pale huongea, naye akaongea.

"Daktari, nina mchumba. Yeye mwenyewe hajui bado, sijamwambia. Miezi minne natafuna upande mmoja ili asijue mimi mwoga."

"Anafanya kazi gani?" ile sauti nzito ikauliza. Nikamfinya.

"Anashona. Vibaya sana, Mungu amsamehe. Lakini suruali aliyonishonea siivui." Akameza mate kwa maumivu. "Yule haogopi kitu duniani. Akijua nalilia jino, ataniacha."

Daktari akaweka sindano ya ganzi chini. Angeweza kumaliza kazi kimyakimya, Fundi akaenda zake kapona na hajui kitu. Mimi ningefanya hivyo, sikufichi.

Yeye akavua miwani, akavua kofia, akashusha barakoa.

"Mimi naogopa," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Tangu siku ya kabati naogopa ukijua kazi yangu utakimbia. Mlango haujafungwa. Ila hilo jino lazima litoke leo. Kama hutaki kwangu, nitakuandikia barua uende kwa mwingine."

Fundi akamtazama. Akaitazama sindano. Kisha akashuka kitini, akaelekea mlangoni. Daktari alikuwa ameshaanza kutafuta kalamu ya kuandikia hiyo barua, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

Fundi akafungua mlango.

"Mama," akaita, "njoo umsalimie mkweo. Halafu unishike miguu."

Akarudi kitini, akafumba macho, akafungua mdomo. Mama akaingia na mkoba wake kwapani. Daktari akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Shikamoo, mama."

Mama akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akaweka mkoba sakafuni, akaikumbatia miguu ya mwanawe.

"Marahaba, mwanangu. Ng'oa."