Wanawake Tu, Isipokuwa Mwenye Jengo

Pelagia Niyonkuru alikuwa fundi cherehani sokoni Kasulu. Alivuka kutoka Burundi na wazazi wake mwaka wa sabini na mbili, akiwa msichana mwenye umri wa kubeba mzigo wake mwenyewe, na tangu hapo aliishi kwa jembe. Alilima mihogo na maharage mpaka viganja vikaota sugu. Cherehani ilikuja baadaye, alipokwisha kuolewa na Stanislaus, Muha mnunuzi wa maharage aliyekuwa akishinda njiani kati ya Manyovu na Kasulu.

Katikati ya miaka ya tisini kambi za wakimbizi zilipojaa, mashirika yalianza kumletea vitambaa vya sare za watoto. Kazi ilikuwa nzuri na hakuilalamikia. Lakini alikaa. Alikaa tangu asubuhi mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano, na chakula akaletewa hapo hapo kitini. Miguu ikaanza kuvimba, kichwa kikawa kinamgonga nyuma ya masikio. Alipokwenda zahanati, muuguzi alimfunga mkanda wa kupimia mkononi, akautazama, akaufunga tena.

"Mama, una presha," alisema. "Dawa utapewa, lakini dawa peke yake haitoshi. Unakaa mno. Fanya mazoezi."

Pelagia alitoka pale amekasirika. Kwake mazoezi yalikuwa mambo ya mgambo na ya wachezaji wa mpira. Njia nzima alijisemea kwamba mtu aliyepanda vilima vya Heru na mtungi kichwani hakustahili kuambiwa akarukeruke. Alipofika sokoni alimweleza Adija, aliyeuza vitenge kwenye kibanda cha pili.

Adija hakucheka. "Vilima hivyo ulivipanda lini?" aliuliza.

Swali hilo nalo likamuudhi Pelagia.

Ndipo Adija alipomwambia habari za Firdausi. Firdausi alikuwa mjane kijana aliyeolewa hapo Kasulu akitokea Tanga, na huko Tanga aliwahi kuongoza mazoezi ya kina mama. Mzungu mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake alimwachia vifaa vyake: baiskeli isiyo na magurudumu, vyuma vya kunyanyua, kamba na magodoro membamba. Shemeji yake Khatibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimpa ghala lililokuwa tupu. Mlangoni kukaandikwa kwa rangi nyekundu: MAZOEZI, WANAWAKE TU.

"Mimi naenda kila Jumanne na Ijumaa," Adija alisema. "Navua baibui, navaa suruali, naruka, hakuna wa kuniona. Njoo utazame kwanza. Usilipe kitu."

Pelagia alilifikiria jambo hilo wiki nzima. Alifikiri atavaa nini, maana hakuwahi kuvaa suruali maishani. Alifikiria goti lake la kushoto, lililokuwa likimuuma. Alifikiri watu wa jumuiya watasema nini kanisani. Stanislaus aliporudi kutoka Manyovu alimweleza, naye akaendelea kutoa miiba kwenye samaki wake, mgebuka, sahanini.

"Mama Esteri, shika jembe," alisema. "Shamba lipo. Jembe halina ada."

"Shamba liko mwendo wa asubuhi nzima, na sare za watu nani atazishona?"

"Basi nenda. Lakini watu watasema."

"Watu walisema pia nilipoanza kushona suruali za wanaume."

Ijumaa akaenda. Alikuta wanawake kama kumi wamesimama kuzunguka kuta za ghala, kila mmoja na chake. Mmoja alikuwa kwenye baiskeli, mwingine anaruka kamba, mwingine ananyanyua vyuma, mwingine anapanda na kushuka kreti la soda lililogeuzwa. Firdausi alisimama katikati na sinia na kijiko. Alipogonga sinia, kila mtu alihamia kwa jirani yake, wakazunguka hivyo hivyo mpaka kila mmoja amepita kote. Wengine aliwajua, na hakuwahi kuwaona hivyo: mke wa mwalimu mkuu nywele wazi, jasho linamtiririka, anacheka kama mtoto. Adija, ambaye sokoni alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, alikuwa anapiga ngumi gunia lililoning'inizwa darini.

Firdausi alimuuliza Pelagia habari za presha na za goti. Hakumwambia aruke. Alimpa kamba mbili za mpira zilizofungwa ukutani, akamwonyesha kuvuta polepole huku anapumua. Pelagia alivuta. Mabega yake, yaliyokuwa yameinamia cherehani miaka yote ile, yalifunguka kwa maumivu matamu. Alikwisha kuamua moyoni kwamba atajiunga.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Khatibu.

Hakubisha hodi. Aliingia na funguo zake mkononi, akapita katikati yao polepole, akainua macho darini. "Naangalia paa," alisema. "Mvua zinakaribia." Lakini macho hayakukaa darini. Yalishuka, yakatembea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wanawake walisimama palepale. Mke wa mwalimu mkuu alijifunika kwa godoro. Adija aligeukia ukuta. Khatibu alipofika kwa Pelagia alitabasamu.

"Huyu mgeni ana mzigo," alisema. "Firdausi, huyu mpe kazi kweli kweli."

Akatoka, akakaa kwenye benchi nje, karibu na mlango, mahali ambapo kila atakayetoka lazima ampite.

Pelagia alimtazama Firdausi. "Huwa anaingia?"

Firdausi aliinamisha kichwa. "Jengo ni lake, dada."

"Kila mara?"

Adija alikuwa bado ameugeukia ukuta. Pelagia akaelewa kwamba ni kila mara, na kwamba wote walijua, na kwamba walikuwa wamezoea kugeukia ukuta. Jambo hilo lilimchoma kuliko maneno ya Khatibu. Alijifunga kitenge chake, akatoka mpaka kwenye benchi.

"Bwana Khatibu," alisema, "umeandika mlangoni wanawake tu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye jengo."

"Nyumba nyingi mjini hapa zina wenyewe. Ukimpangisha mtu chumba, unaingia akiwa anaoga?"

Wapita njia wawili walisimama kusikiliza. Khatibu aliinuka, uso umebadilika. "Mama, wewe umekuja leo tu. Usiniletee fujo kwangu."

"Fujo ni wewe uliyeileta ndani," Pelagia alisema. "Nataka kujiunga. Lakini siwezi kujiunga na macho yako."

Jumanne iliyofuata ghala lilikutwa na kufuli kubwa, vifaa vyote ndani. Hapo Pelagia alipata hasira ya pili, maana lawama zilimjia yeye. Mama mmoja alimfuata hadi kibandani kumwambia angenyamaza tu, wangekuwa wanaendelea. Firdausi mwenyewe alikuja na macho mekundu.

"Naishi kwenye ua wake na wanangu," alisema. "Ulipomsema, ulikwenda zako nyumbani. Mimi nilibaki."

Pelagia aliacha kukanyaga cherehani. Hilo hakuwa amelifikiria. Aliona haya, lakini haya yake haikuizima hasira, iliipa tu mahali pa kwenda. Akamwita Adija. Adija alikuwa na ua mpana nyuma ya nyumba yake, na chumba cha uani alichokuwa akiwekea marobota ya vitenge. Akasema marobota yanaweza kulala sebuleni, Firdausi na wanawe wakalala chumbani.

Siku ya soko, duka la Khatibu likiwa limejaa wanunuzi wa mabati na misumari, waliingia wanawake wanane na toroli. Mke wa mwalimu mkuu alikuwamo. Hata yule mama aliyemlaumu Pelagia alikuwamo. Firdausi alisimama mbele, na safari hii Pelagia hakusema kitu.

"Shemeji," Firdausi alisema, "nimekuja kuchukua vitu vyangu. Na nguo za wanangu pale uani kwako, tunahama."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hatukuongea. Naomba ufunguo hapa, watu wakiwapo."

Mzee mmoja aliyekuwa akipimiwa misumari aliweka chini mfuko wake, akasema kwa Kiha kwamba mali ya mjane haifungiwi kufuli. Khatibu alitupa ufunguo juu ya kaunta. Baiskeli aliizuia, akadai ni kodi ya ghala, ingawa alikuwa amelitoa kama msaada mbele ya ukoo wote. Hakuna aliyeweza kumgeuza kwa hilo, na ile baiskeli ilishinda mlangoni kwake ikishika kutu.

Uani kwa Adija walizungushia maturubai kwenye miti. Pelagia alishona mifuko ya turubai, wakaijaza mchanga badala ya vyuma, ambavyo walipofungua ghala hawakuvikuta. Alijiunga siku ya kwanza. Alivaa suruali ya kitenge aliyojishonea mwenyewe, pana kiasi kwamba Stanislaus aliiita sketi yenye mlango, na kila sinia lilipogongwa alihama na wenzake. Baada ya miezi kadhaa muuguzi alimpima akasema presha imeshuka, si sana, lakini imeshuka. Goti halikupona. Miguu iliacha kuvimba.

Kitu kimoja hakikuacha kumuudhi. Kasulu nzima ilimpa jina: mkorofi. Khatibu hakupewa jina lolote. Aliendelea kuitwa mfanyabiashara, akaalikwa kwenye harusi, akakaa viti vya mbele. Kwenye harusi moja kama hiyo mwanamke asiyemfahamu alimnong'oneza Pelagia, "Kumbe ni wewe uliyemfukuza yule bwana kwenye jengo lake?"

"Sikumfukuza," Pelagia alisema, bila kupunguza sauti. "Jengo analo mpaka leo. Tuliondoka sisi."

Kisha akaomba apitishiwe sahani ya maharage.