Vyungu Vilivyochomwa Kabla ya Siku Yake

Mimi ni mtu wa kupenda mambo yaonekane. Ndiyo maana, wiki ya warsha za sanaa mtaani kwetu Bigwa ilipokaribia mwisho, niliwatangazia watu wote kwamba Jumamosi, siku ya kufunga, tungechoma vyungu mbele yao. Mwalimu sikumuuliza. Mwalimu mwenyewe alikuwa mama yangu mzazi, niliyemshusha kutoka milimani baada ya kumbembeleza miezi miwili.

Alifundisha wanawake kumi na mmoja chini ya turubai. Upande wa pili kulikuwa na batiki na wasuka ukili, lakini watu walijazana kwake. Tatizo ni mvua. Ilinyesha wiki nzima, vyungu vikagoma kukauka, nami nikawa navichungulia kila asubuhi kwa roho juu.

Jumamosi mama aliinua chungu kimoja, akakigusisha shavuni, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Bado baridi," alisema. "Ndani kuna maji. Tungoje siku nne."

"Mama, wageni wameshafika."

Akapima kingine, na kingine tena.

"Uliwaahidi, mwanangu?"

"Niliwaahidi."

Alinitazama, nikakwepa macho yake. Nasema kweli, nilikuwa na hasira naye. Niliona ananiaibisha kwa ubishi wa kizee. Hakubishana. Alikaza kanga kiunoni, akaenda kupanga kuni.

Alijaribu kadiri alivyoweza. Alivipasha kwanza kando ya moto mdogo, akivigeuza kimojakimoja, huku mimi nikitazama saa waziwazi ili anione. Mwisho akavipanga juu ya kuni, akavifunika kwa magome na nyasi kavu, moto ukapanda. Watu wakatoa simu zao.

Cha kwanza kilipasuka kwa mlio wa chini, na wengine wakacheka wakidhani ni ukuni. Cha pili hawakucheka. Nilihesabu mpaka saba, nikaacha. Mama alisimama karibu na moto kuliko wote, mikono nyuma, bila kugeuka.

Majivu yalipopoa, vilitoka viwili vizima. Fundi cherehani mmoja wa Kihonda, aliyekuwa akifunga kibanda chake mapema kila siku ili aje kujifunza, aliokota vipande vya chungu chake.

"Bibi," aliuliza taratibu, "tumekosea wapi?"

Nilivuta pumzi niseme. Mama akaniwahi.

"Nimekosea mimi. Nilipima vibaya. Uzee huu."

Mama yangu hajawahi kupima vibaya. Nilijua hilo, na nilijua kwamba neno langu moja tu lingemsafisha mbele ya wale wanawake. Mdomo wangu, uliotangaza mtaa mzima, siku hiyo ulipata adabu. Niliinama, nikaanza kuokota vigae pamoja na wengine.

Jioni mama alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananawa masizi miguuni. Yule fundi cherehani alinijia palepale, akiongea kwa heshima.

"Dada, usikasirike. Bibi tunampenda sana. Ila mwakani mtutafutie mwalimu mwingine, yeye mwacheni apumzike."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Aliacha kunawa.

"Sawa," nilijibu. "Tutaangalia."

Alimalizia mguu wa pili, akavaa kandambili zake, kisha akaniuliza kama nimekula.