Kidonge cha Kabla ya Jino

Mwaka uliofuata uhuru, mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa na moyo mbovu, alikuwa ang'olewe jino. Daktari wa Msambweni alimpa vidonge vya penisilini avimeze saa moja kabla, uchafu wa kinywani usije ukamfika moyoni.

Ilikuwa Ramadhani, na ndiyo mara yake ya kwanza kufunga. Akavifunga kwenye pindo la leso, akang'olewa jino, akavimeza magharibi baada ya tende. Mama alikuwa amenikabidhi mimi nimsimamie. Nilimwona akivifunga, nikamwambia, "Mashallah."

Homa ikampanda, na kabla ya Idi tukamzika.

Watu huniambia ilikuwa kudra. Waniache! Mgonjwa ameruhusiwa kula. Chuoni, tulikosomea Kurani, nilifundishwa hilo, na siku ile nililikumbuka.