Siku Kadzo Alipomzika Baraka

Mchanga wa ujenzi ukimwagiwa maji una harufu yake, na mimi nikiipata hiyo harufu huvuka barabara mpaka leo. Ngojeni niwaambie kwa nini, lakini msinicheke.

Kwetu Miritini kila ploti ilikuwa na lundo la mchanga, nasi watoto tukacheza matanga. Mmoja anakuwa maiti, tunamfukia mpaka shingoni, tunamfunika uso na leso ya mama. Kisha mimi, mchungaji, nakohoa, najikuna tumbo, nahubiri. Sheria ilikuwa moja: maiti hacheki.

Dadangu Kadzo, miaka miwili na nusu, hatukumtaka. "Kaa kule! Usituharibie msiba!" Akakaa kule, kidole mdomoni, macho kodo, siku baada ya siku.

Basi jioni moja mama akaniachia Baraka, mdogo wetu wa miezi mitano, amelala mkekani kando ya mchanga. "Mwangalie, naenda kuteka maji." Nikamwangalia. Kidogo. Halafu nikasikia wenzangu wanagombania mpira, nikaenda kuwa refa.

Kurudi, nasikia mtu anakohoa. Kikohozi changu mimi! Kadzo amesimama, anajikuna tumbo, anahubiri maneno yasiyoeleweka. Mbele yake leso imetandazwa juu ya mchanga, na kijiguu kimoja kimetokeza, kinarusha mateke. Akakipiga kofi. "Maiti haseki!" Akainua pindo la leso, akachota mchanga na kifuniko cha sufuria, akaumwaga pale penye uso, akafunika tena.

Sijui nilifikaje. Nilifukua kwa mikono. Baraka mdomo umejaa mchanga, midomo imebadilika rangi, hata kulia halii. Nyuma yangu nikasikia ndoo imeanguka. Mama akamnyakua, akamlaza kifudifudi mkononi, akampiga mgongoni. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu Baraka akatema tope, akapiga ukelele. Sijawahi kupenda kelele za mtu kama zile.

"Nani amemfundisha Kadzo haya?" Mama aliniuliza huku anamfuta Baraka mchanga usoni.

"Wallahi mama, hakuna!"

Nilichapwa, tena sana, nikaona nimeonewa kwa kusema kweli. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Kule alikokaa Kadzo, hakuona kamwe kwamba mchanga wetu unaishia shingoni. Aliona leso tu. Na sisi ndio tuliomkalisha mbali.