Kompyuta ya Marehemu Haikufungiwa

Jirani yangu alimwita mume wangu mwizi wakati nipo eda, siwezi kutoka nje kumjibu. Sijamsamehe hadi leo.

Mume wangu alikuwa na steshenari ndogo Kariakoo, chumba kimoja chenye kompyuta, printa na mashine ya fotokopi. Alichapa barua za watu na kuwajazia fomu za mtandaoni. Wateja wakipungua, alifanya kazi za ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi ilimwekea VPN ili aingie kwenye mfumo wao akiwa dukani. Aliniambia ni kama njia ya uani kutoka mezani kwake hadi ofisini, wapita barabarani wasione alichobeba. Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Maelezo hayo yalinitosha.

Alianguka akiwa kazini, VPN imewashwa. Mdogo wake alikimbilia kufunga duka, akafanya kama wengi wetu msiba ukiingia ghafla: alichomoa waya zote ukutani kwa mkupuo, akashusha mlango, akaja kuzika.

Nikakaa eda nyumbani Ilala. Baada ya arobaini, mdogo wake akafungua duka ili lisife. Kompyuta iliwaka. Taa za modemu ziliwaka na alama ya mtandao ilikuwepo, lakini kila tovuti aliyoiita ilikataa kufunguka. Akamwita jirani, mwenye duka la vifaa vya simu, ambaye naye alikuwa ameshanunua printa. Mtu huyu alikuwa akila kwetu kila Idi na kuniita shemeji. Alichungulia, akaona alama ya VPN kwenye kioo, akatoka barazani.

"Imefungiwa na serikali hiyo!" alipaza sauti kama yuko mnadani. "Marehemu alikuwa na VPN, mambo ya wezi wa mtandao hayo. Mliompa namba zenu za siri, shauri yenu!"

Wateja wakahamia kwake. Mdogo wa marehemu akafunga duka, akaja kunisimulia huku macho yake yako sakafuni.

"Wewe ulimjibu nini?" nikamuuliza.

"Ningejibu nini, shemeji? Kweli haifungui."

Wanawake waliokuja kunipa pole walinikuta nalia, wakadhani ni majonzi tu. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilipanga maneno ya kumwambia yule mtu, nikayapangua, nikayapanga upya. Niliomba duka lake liungue, kisha nikakumbuka kwamba ukuta wake ndio ukuta wetu, nikaifuta dua ile. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo sikumwambia mtu: sikuwa na uhakika. Kama ni kweli, je?

Eda ilipokwisha, nilipakia kompyuta kwenye bajaji nikaipeleka kwenye ile ofisi ya mizigo. Fundi wao, aliyeiweka VPN yenyewe, akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza bila kuzunguka, "Baba, mume wangu alikuwa anaiba?"

"Hapana, mama! Nani kasema?"

Akaiwasha, akaiunga kwenye intaneti ya simu yake, akafungua sehemu ya mtandao, akanionyesha namba mbili. "Kila tovuti ina jina," alisema, "lakini kompyuta haiendi kwa jina, inakwenda kwa namba. Kwa hiyo kwanza inamuuliza mtu: fulani anakaa wapi? Huyo anayeulizwa ndiye DNS. VPN ikiwaka, inaiambia kompyuta iache kuuliza wa mtaani, iulize wa hapa ofisini. Ukiizima vizuri, inarudisha yule wa zamani. Nyinyi mliizimaje?"

"Tulichomoa waya."

"Basi haikupata nafasi ya kurudisha. Toka siku ile inamuuliza wa ofisini, na njia ya kumfikia haipo tena. Hajibu. Hakuna aliyeifungia."

Akafuta zile namba, akaweka tiki kwenye mstari unaoiambia itafute yenyewe. Tovuti ikafunguka palepale. Nikamwomba marehemu radhi moyoni. Kisha nikasema, "Sasa zirudishe hizo namba."

"Mama?"

"Iharibu kama ilivyokuwa. Halafu nifundishe kuifungua mwenyewe."

Alicheka, kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Akanifundisha mpaka mkono wangu ukazoea.

Kesho yake asubuhi, mtaa umejaa, nikaitoa meza ya dukani barazani na kompyuta juu yake. Nikamwita jirani. "Shemeji, hebu njoo uwaonyeshe watu ilivyofungiwa."

Alikuja akitabasamu. Akaita tovuti moja, ikakataa. Akaita nyingine. "Si mnaona?" akawaambia waliosimama. "Mimi nilisema mapema."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shemeji. Pole lakini."

Nikafungua sehemu ile, nikafuta namba, nikaweka tiki. "Ita tena."

Tovuti ikafunguka. Muuza kahawa aliyekuwa amesimama na birika lake akapiga kelele, "Loo! Mjane kafungua cha serikali!" Watu wakacheka. Sikucheka. Nikawaeleza kwa ufupi VPN ilikuwa ya ofisi gani, na kwamba tatizo lilikuwa waya tulizochomoa siku ya msiba. Kisha nikamgeukia.

"Alikuwa mwizi?"

"Tuyaache, shemeji. Twende ndani tuongee."

"Ulisemea hapa."

Akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Sijasikia. Maneno yako ya kwanza yalinifikia Ilala, ndani ya eda."

"Hakuwa mwizi!" akasema, safari hii kwa sauti. Wabeba mizigo walisimama na mikokoteni yao kumwangalia. Nilimwacha asimame hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilifurahi. Siwezi kusema vinginevyo.

Wateja wamerudi. Sasa nachapa mwenyewe, na ukifika wakati wa kufunga nazima kila kitu kwa mpango ndipo nachomoa waya. Jirani akinisalimia, naitikia, kwa sababu salamu ni haki yake. Idi iliyopita alimtuma mkewe na sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Nilimshukuru yule mama, nikamuuliza hali ya watoto. Kisha nikamrudishia sahani, kawa ikiwa juu yake vilevile.